Sekunde Tisa za Bi Pumzi

Kuna wanaopewa jina na wazazi wao, na kuna wanaopewa jina na kazi. Huyu ninayemsimulia alipewa lake na wenzake wa kazini, tena kwa kumcheka: Bi Pumzi. Mwanzoni alinuna. Hasira anazo, msije mkadhani ni mtu wa kubembelezwa. Lakini mambo yalivyokwenda, mwisho wake hata yeye hakutaka kuitwa vingine, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kazi yake ni kupokea simu za dharura. Mtu akianguka nyumbani kwako, ukapiga ile namba fupi iliyoandikwa ubavuni mwa gari la wagonjwa, anayekujibu si dereva wala daktari. Ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, yuko ghorofa ya pili kwenye chumba kisicho na dirisha, hedifoni masikioni, mbele ya meza yenye mguu mmoja mfupi. Meza hiyo imeripotiwa mara nne. Mara zote nne aliambiwa fundi anakuja, na huyo fundi mpaka leo yuko njiani.

"Dharura, taja ulipo." Hiyo ndiyo salamu ya pale. Ukishataja, anaandika kwanza kwenye kikaratasi kwa kalamu, maana kompyuta za pale huganda wakati ule ule unapozihitaji. Halafu ananakili kutoka kwenye kikaratasi kwenda kwenye kompyuta, anabonyeza, gari linatoka. Kikaratasi kikimaliza kazi kinachomekwa kwenye msumari uliosimama juu ya kibao. Simu ikikatika, nyingine inaingia. Haiulizi kama uko tayari.

Watu hudhani kazi ya kukaa kwenye kiti haichoshi. Waambieni wakakae. Alikuwa na miaka kumi na tatu pale, na miaka miwili ya mwisho alikuwa amechakaa ndani kwa ndani, nje anapendeza. Chakula kilikuwa hakina ladha. Usingizi ulikuwa ukimjia asubuhi, saa ya kuamka. Siku moja binti yake alirudi shuleni goti limechubuka, akaita toka mlangoni, "Mama." Na mama yake, akiwa jikoni, akajibu, "Dharura, taja ulipo." Binti akacheka. Kisha akamtazama usoni, akaona mama hatanii, wala hajui amesema nini, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Mwili ulikuwa unamwambia, yeye akawa hasikii. Akasema ni uchovu tu, utapita.

Haukupita. Jumanne moja, saa nne asubuhi, mvua inanyesha na simu zinafuatana, alipokea simu ya msichana mmoja aliyekuwa na mtoto aliyeungua mkono, nyumba ya kijani nyuma ya kiwanda cha sabuni. Akaandika, akanakili, gari likatoka. Simu ikakatika, nyingine ikaingia papo hapo: bibi mmoja, mumewe kaanguka, mdomo umekwenda upande, mtaa wa pili baada ya shule ya ufundi. Akaandika vizuri kabisa. Lakini kile kikaratasi cha kwanza kilikuwa bado kiko mezani, hakijachomekwa. Akanakili kutoka kwenye kile. Magari mawili yakakutana kwenye geti la nyumba ya kijani, madereva wakaulizana kulikoni. Mzee wa watu alikaa sakafuni dakika arobaini. Alipona, ndiyo. Upande wa kulia haukurudi.

Ni kosa ambalo mimi na wewe hatuwezi kulifanya, kwa sababu hatujawahi kupokea mateso ya watu wawili ndani ya dakika moja. Lakini ni kosa. Yeye mwenyewe alikaa akaandika taarifa: nimenakili kikaratasi cha simu iliyopita. Mkuu wa wakati ule, ambaye sasa amestaafu na anafuga kuku, akaichana mbele yake. "Unataka kutuponza wote? Andika hitilafu ya mashine." Akaandika hitilafu ya mashine. Hapo simtetei. Aliogopa, akanyamaza, na aibu ile akaibeba kwenda nayo nyumbani na kurudi nayo kazini.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mtu wa utani mwingi na maneno ya maana machache. Jumamosi moja mchana mkewe alimfuata karakana, akakaa juu ya pipa lililofunikwa, akamwambia yote, la yule mzee na la ile taarifa. Mume hakumwambia pole. Alichukua nondo mbili, akazipanga, akasimama, akashusha kinyago, akachomelea. Alipomaliza akainua kinyago.

"Umeona nilichofanya kabla ya kuwasha?"

"Hujafanya kitu."

"Ndicho hicho," mume akasema. "Nimekanyaga chini vizuri, nimetoa pumzi yote, nimengoja mkono utulie. Geti la jana nimeliacha kwa mwenye geti. Ukichomelea la leo na la jana bado liko mkononi, unatoboa bati."

"Inachukua muda gani?"

"Mke wangu, mimi ni fundi. Sekunde muulize mwenye saa."

Alimwona mjinga, mumewe. Jumatatu akajaribu, kwa kukosa la kufanya. Simu ilipokatika alichukua kikaratasi, akakichomeka kwenye msumari mpaka chini, akausikia ule mlio mdogo wa karatasi kutoboka. Akaweka nyayo zote mbili sakafuni, viatu kando. Akatoa pumzi taratibu mpaka ikaisha, akaiacha nyingine iingie yenyewe. Akavuta kikaratasi kipya, akakitazama kilivyo cheupe. Ndipo akabonyeza kupokea. Alikuja kupimiwa baadaye, wala si kwa heri: sekunde tisa.

Siku ya kwanza aliona upuuzi. Siku ya tatu alilia, katikati ya sekunde tisa, machozi tu yanashuka bila kelele, kwa ajili ya mama mmoja aliyepiga simu mwezi mzima uliopita. Alishtuka kwamba bado alikuwa naye. Wiki ya tatu akagundua chai ina sukari nyingi mno, na kwamba huenda ilikuwa hivyo miaka yote. Akaanza kuosha vyombo kwa kuvisikia mkononi, sahani moja moja, maji yakiwa ya moto anajua ni ya moto, yakipoa anajua yamepoa. Binti akamwambia baba yake, "Mama anaongea na sahani." Baba akajibu, "Mwache, sahani hazipigi simu." Usingizi ulirudi kwa vipande, leo saa mbili, kesho tatu. Mwaka mzima ukapita hakunakili kikaratasi kisicho chake.

Basi, mngedhani angeachwa. Thubutu.

Akaja mkurugenzi mpya. Kijana nadhifu, kasoma, na nia mbaya sidhani kama alikuwa nayo, lakini nia njema peke yake haijawahi kupika ugali wala wali. Wiki ya kwanza alibandika bango ukutani: JALI AFYA YAKO. Wiki ya pili akafuta mapumziko ya chai ya saa nne. Wiki ya tatu akafunga runinga kubwa mbele ya viti vyote kumi na kimoja, kila mpokea simu na mstari wake. Ukikaa chini ya sekunde nne kati ya simu na simu, mstari ni kijani. Ukifika nne unageuka njano. Zikizidi sita, nyekundu. Na mstari wa mama yetu ulikuwa mwekundu toka asubuhi mpaka jioni.

Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Aliyelizaa ni jirani yake wa kiti, mwanamume waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. "Jamani, mpisheni Bi Pumzi, anavuta hewa ya serikali." Chumba kizima kikacheka, na yeye akanuna mpaka saa ya kutoka.

Msimamizi wa zamu naye hakubaki nyuma. Huyu walimwita Saa Ngapi, kwa vile hakuna neno alilolitamka zaidi katika maisha yake. Alimjia mezani, akaegemea, meza ikayumba, akaegemea vizuri tena.

"Dada, ule mstari wako unanitia aibu kule juu. Wenzako sekunde tatu. Wewe una nini?"

"Nina miaka kumi na minne sasa hapa, na nataka kufika ya kumi na tano nikiwa mzima."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Miguu yangu yote miwili iko sakafuni, bosi. Nimeihakiki sasa hivi."

Safari hii Redio alicheka akiwa upande wa Bi Pumzi. Saa Ngapi hakucheka. Wiki hiyo hiyo ikaja barua: aripoti Alhamisi, saa tano, mbele ya kamati ya nidhamu, aje kueleza kwa nini asiachishwe kazi kwa uzembe wa kudumu, au asaini kwamba hatazidi sekunde nne.

Uzembe. Neno hilo lilimchoma kuliko kufukuzwa kwenyewe. Usiku wa manane ngapi, sikukuu ngapi, mara ngapi alifanya kazi na mafua yake, leo ni mzembe kwa sababu anapumua.

Nyumbani hawakumpigia makofi. Karakana ilikuwa na miezi mizuri na miezi ya kukaa tu, na binti alikuwa na mtihani mwaka ule. Mume aliisoma barua mara mbili, akaikunja.

"Saini tu hizo sekunde nne zao," akasema. "Halafu ukikaa pale fanya unavyojua."

"Wana mashine. Inaona."

"Basi pumua haraka."

"Wewe ndiye uliyenifundisha, leo unaniambia nichomelee na geti la jana mkononi?"

Mume akajikuna kichwa, akatafuta utani, akaukosa. "Naogopa," akasema. Ni mara chache mwanamume yule kusema hivyo.

"Na mimi naogopa," mkewe akajibu. "Lakini nikirudi kule nilikokuwa, mtanipoteza hata mshahara ukiwepo. Na kuna mtu mwingine atakaa sakafuni dakika arobaini. Sirudi."

Alhamisi saa tano aliingia. Meza ndefu, watu watatu: mkurugenzi katikati, Saa Ngapi kushoto, na kulia afisa utumishi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, anayeandika kila kinachosemwa. Mezani kulikuwa na karatasi moja tayari imechapwa. Mimi fulani naahidi kutozidi sekunde nne. Mstari wa saini, na kalamu imeshafunguliwa.

"Mama," mkurugenzi akaanza kwa upole, "hatukuchukii. Lakini hii ni huduma ya dharura. Unajua ndani ya sekunde tisa mtu anaweza kukata roho?"

"Najua. Nimeshawasikia wakikata." Akamtazama. "Kwa masikio haya. Wewe umewasikia wangapi?"

Saa Ngapi akakohoa. Mkurugenzi akawa mwekundu masikio, lakini hakupandisha sauti. "Swali si hilo. Swali ni kama utasaini."

"Kabla sijajibu naomba sekunde tisa."

"Unatania?"

"Hapana. Unayo saa, hesabu."

Akavua viatu chini ya meza. Akaweka nyayo kwenye vigae, vilikuwa vya baridi, akausikia ubaridi ule mpaka visiginoni. Akatoa pumzi. Moyo ulikuwa unampiga hadi kooni, na hakuuzuia, akauacha upige. Feni ya darini ilikuwa inalia kwa upande mmoja. Ghorofa ya chini yao simu zilisikika, moja, nyingine, nyingine. Saa Ngapi akajisogeza kwenye kiti. Afisa utumishi akaacha kuandika kwa kuwa hapakuwa na cha kuandika. Ni muda mfupi sana ukiwa kwenye simu, na muda mrefu wa kutisha ukiwa umekaa kumshtaki mtu. Pumzi ya pili ikaingia yenyewe, na pamoja nayo akajua atasema nini. Hakuwa amepanga kulisema. Alikuja kutetea sekunde tisa tu.

"Mwaka mmoja na zaidi uliopita," akasema, "mzee mmoja mtaa wa shule ya ufundi alingoja gari dakika arobaini. Faili lake linasema hitilafu ya mashine. Haikuwa mashine. Ilikuwa mimi."

Kalamu ya afisa utumishi ikabaki hewani.

"Nilikuwa nafanya sekunde mbili wakati huo, mkurugenzi. Mbili. Ungeiona kwenye runinga yako ungenipa cheti. Nilikuwa kijani kibichi, na nikapeleka gari kwa mtu ambaye alishapelekewa, kwa sababu simu ya kwanza ilikuwa bado haijaniisha kichwani wakati ya pili inaongea. Niliandika ukweli, nikaambiwa niufute, nikaufuta. Hiyo ni aibu yangu na nitaibeba. Lakini hizi sekunde tisa ndizo nilizozipata kwa bei ya mkono na mguu wa yule mzee, na wewe unaniambia nizirudishe."

"Mama, hili ni jambo zito," mkurugenzi akasema. "Unaelewa kwamba sasa naweza kukufukuza kwa hilo?"

"Naelewa. Nifukuze kwa hilo, nitasema ni haki. Andika sababu: alikosea, akaficha, kisha akasema. Lakini kwa kupumua hunifukuzi nikakubali. Na mashine ilisingiziwa, ile taarifa isahihishwe. Familia ile ijue." Akaisogeza karatasi kwa kidole mpaka upande wa pili wa meza. "Na hii sisaini."

Akavaa viatu. Kimoja kilikataa kuingia, akatoka amekikanyaga kisigino, anaburuza, wala hakugeuka. Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema, lakini hawakusema jinsi mtu anavyokuwa mwepesi akijifichua mwenyewe. Ngazini akashika chuma cha ukutani. Alikuwa na hofu na alikuwa na hasira, na chini ya vyote viwili alikuwa, sijui niseme vipi, ametulia.

Wiki mbili walimweka akingoja nyumbani. Binti alijifunza kuosha sahani moja moja, kwa kumkasirikia tu mwanzoni. Kule ofisini, nasikia, walizungushana maneno sana. Kumfukuza kwa kupumua kungechekesha. Kumfukuza kwa lile kosa kungefungua faili, na faili likifunguliwa litauliza nani aliamuru ukweli uchanwe, na kwa nini kiti kile hakina saa ya chai. Afisa utumishi, yule wa miwani ya kamba, inasemekana aligoma kufuta hata neno moja katika aliyoandika. Sikuwepo, lakini nikimtazama mama yule naamini.

Zikaja barua mbili kwa siku moja. Ya kwanza ilisahihisha taarifa: kosa lilikuwa la mpokea simu, si la mashine, na onyo la mwisho limetolewa kwa mhusika. Ya pili ilisema arudi kazini, na azingatie kikomo cha sekunde nne.

Ile ya kwanza aliipeleka mwenyewe, kwa miguu, mtaa wa pili baada ya shule ya ufundi. Alikaa na yule bibi na mumewe kuanzia saa tisa mpaka jua linapungua. Waliyoambiana humo ndani ni yao, na mimi sikuyauliza.

Ile ya pili alikwenda nayo kazini Jumatatu. Chumba kilikuwa kile kile, bango lile lile, runinga ile ile. Redio alimwona akiingia. "Karibu, Bi Pumzi," akasema, na hapakuwa na kicheko ndani yake. Mwanamke akajua kwamba jina limebadilika maana pasipo herufi hata moja kubadilika, akalipokea. Aliutazama mstari wa Redio kwenye runinga. Ulikuwa umegeuka njano, na Redio alikuwa hana viatu.

Saa Ngapi akaja na daftari. "Umeisoma barua? Kikomo ni nne."

"Nimeisoma, bosi."

Akaikunja ile barua mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikawa nene kama kidole. Akainama, akainua meza kidogo kwa bega, akaichomeka chini ya ule mguu mfupi. Akaijaribu kwa viganja viwili. Meza haikuyumba, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne.

Saa Ngapi alisimama pale. Alitazama mguu wa meza, akatazama saa yake, akaondoka bila kusema ni saa ngapi.

Simu ya kwanza ilikuwa mtoto mwenye pumu. Akaandika, akanakili, gari likatoka, akakaa na baba wa mtoto mpaka mlio wa gari ukasikika kwenye simu. Ikakatika. Akachomeka kikaratasi kwenye msumari mpaka chini. Taa ya simu nyingine ilikuwa inawaka. Akaweka nyayo sakafuni, akatoa pumzi. Mstari wake ukawa njano, ukawa mwekundu, mbele ya chumba kizima, na yeye akautazama ukigeuka bila kukwepesha macho. Akavuta kikaratasi cheupe, akabonyeza.

"Dharura," akasema. "Niko hapa. Taja ulipo."